GARI BEI RAHISI DEREVA KAIKATAA. MTEJA WAKO NAYE ANAWAZA HIVYO HIVYO

Leo naongelea magari, ila usipite, inakuhusu hata kama unauza vijora na chaja.

Nina duka dogo la vifaa vya umeme vya nyumbani Musoma mjini, oda nyingi napatia WhatsApp. Mizigo ya Bunda na Butiama namkabidhi dereva mmoja mwenye Probox. Mwaka jana aliletewa gari ya Ulaya, safi, viti vya ngozi, na bei iko chini ya Probox. Akaikataa bila hata kuiwasha. Nikamuuliza, kaka, unaogopa maisha mazuri? Akanijibu: "Mdogo wangu, kuinunua naweza. Siku ikizimika pale Makutano nampigia nani?"

Madereva wengi huku ukiwatajia BMW, Volkswagen au Land Rover Freelander wanatikisa kichwa. Hawasemi ni gari mbovu. Wanawaza spea itoke Dar, fundi mwenye mashine ya kupima asipatikane, na siku ya kuuza mnunuzi hayupo.

Sasa angalia Probox. Ile ya sisi 1500 inatumia injini ya 1NZ. Injini hiyo hiyo iko kwenye IST, Raum, Spacio, Allion na Premio za sisi 1500. Muuza spea haogopi kuweka stoku kwa sababu wateja ni wengi, na fundi wa chini ya mti anaifungua macho yamefumbwa.

Na usidhani ni jina la Toyota tu. Toyota hao hao wana injini za D4, utazikuta kwenye baadhi ya Nadia, Noah na Voxy. Zinapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, mafuta machafu zinayakataa, na pampu yake sio ya bei ndogo. Dereva akisikia D4 anarudisha ufunguo. Halafu waulize wazee kuhusu Land Rover 109 za zamani. Zilipiga vumbi nchi nzima kwa sababu mafundi walizijua.

Kwa hiyo mtu hakatai kampuni. Anakataa ile siku ya kuharibika.

Mimi hili nimelilipia. Niliwahi kuchukua blenda 12 za kampuni ngeni, bei ya kutupa. Nikaposti, nikashusha bei mara tatu, zikatoka nne tu. Moja alichukua mama wa juisi wa Butiama, jagi likapasuka. Nimezunguka Musoma mpaka Mwanza, jagi la kuingia pale hakuna. Yule mama alikaa wiki mbili bila kazi, na blenda ndiyo inalisha watoto wake. Nilimrudishia hela yake na aibu juu. Nane zilizobaki zilinilalia zaidi ya mwaka.

Tumezoea kuambiana "mteja akisita, shusha bei". Mimi siafiki. Kitu anachokiogopa ukikishusha bei, unamthibitishia kwamba kina tatizo.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Kabla sijaagiza, nauliza kitu gani kinawahi kufa, na je kinapatikana Musoma au kinaletwa na basi kutoka Mwanza? Kama hakuna, siagizi.
2. Nikileta blenda 10, naleta na majagi mawili ya akiba.
3. Kwenye posti naandika wazi: "Jagi na visu vyake vipo dukani." Sentensi hiyo inaniuzia kuliko punguzo.
4. Narudi kwa fundi wa mtaani namuuliza vitu gani anavikimbia. Huyo anajua kuliko picha za muuzaji wa jumla.

Vitu vigeni navyo vina wenyewe. Hata BMW zina watu wake, wenye fundi wao na hela ya kusubiri spea. Kama unavyo, mtafute mtu wa namna hiyo, usimbebeshe mama wa juisi.

Kabla ya mzigo unaofuata, jiulize swali la yule dereva: siku ikizimika, mteja atampigia nani? Kama ni wewe, uwe na cha kumjibu.

Wewe una mzigo gani umekulalia? Tuambie hapa chini tujifunze wote.