STAA KAUA INJINI YA MINI, LAWAMA KAMTUPIA FUNDI: NANI ANA KOSA?

Wiki mbili hizi mjini Dar stori ni moja tu, ile Mini nyekundu yenye paa jeupe. Staa mmoja wa muziki, jina kapuni, aliposti video ndinga ikiwa imepaki pembeni ya barabara ya Bagamoyo, moshi wa bluu unatoka nyuma kama kuna mtu anachoma takataka. Chini akaandika kwamba mafundi wa Bongo ni matapeli, kamwaga mkwanja mrefu, injini imekufa siku ya tatu.

Basi komenti zikamiminika. Wengine wanasema apelekwe polisi, wengine wanasema mafundi wote wezi. Kuna mmoja akaenda mbali zaidi, akataja hadi kona ya Gerezani ilipo gereji yenyewe. Fundi ni mtu mzima, hana hata Insta, posti kaoneshwa na kijana wake wa kazi. Tangu siku hiyo wateja wawili wameshakuja kuvuta magari yao kabla kazi haijaisha.

Sasa ukweli usemwe. Kwenye hili staa kachemka, na ushahidi upo ndani ya injini yenyewe.

Kwanza watu waelewe ile ni gari gani. Mini ilitoka Uingereza mwaka 1959 na injini ya cc 848, nguvu farasi 34 tu. Leo kuna pikipiki zinazoizidi mbali. Lakini injini hiyo hiyo Waingereza waliichokonoa mpaka Mini Cooper S ya cc 1275 ikafika farasi 76, na vile vigari vikashinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, vikiyaacha magari makubwa kwenye barafu. Kwa hiyo staa kutaka nguvu kwenye Mini siyo ujinga. Nguvu ipo. Shida ni kwamba inatolewa kwa vipimo na subira, haitolewi kwa makelele.

Ya staa ni ya miaka ya 70, cc 1275. Kwa mujibu wa watu wanaoshinda pale gereji, ilifika ikiwa inavutwa na kamba. Fundi akaishusha injini, akaifungua yote, akaanza kupima. Silinda zilikuwa zimelika, siyo duara tena. Bloku ikapelekwa kwa mtu wa mashine, silinda zikachongwa upya, zikaagizwa pistoni kubwa zaidi kwa 0.020 ya inchi.

Hapa ndipo wengi wanapigwa chenga. Wanadhani kuchonga silinda ndiyo kuongeza nguvu. Piga hesabu: ile cc 1275 inakuwa 1293. Nyongeza ya cc 18 ukiigawa kwa silinda nne, kila moja inapata chini ya kijiko kimoja cha chai. Hiyo kazi inarudisha afya ya injini, nguvu inatafutwa kwingine.

Inatafutwa kwenye silinda hedi, maana injini ni kama mtu anayekimbia, ikikosa pumzi haifiki popote. Hedi ya Mini ina tabia ya ajabu. Silinda nne zinavuta hewa kupitia matundu mawili tu, na zinatoa moshi kupitia matatu, yaani mbili za katikati zinagombania tundu moja. Ni watoto wanne na mirija miwili ya soda. Fundi alikaa siku kadhaa analainisha njia hizo kwa mkono, akaweka valvu pana kidogo, akasaga mpaka zikakaa sawa.

Halafu akafanya kitu ambacho hakuna shabiki angekiona kwenye video. Akaweka siti ngumu za valvu za egzosti. Injini za zamani zilizoea petroli yenye risasi, na ile risasi ndiyo ilikuwa inazilinda siti. Afrika kusini mwa Sahara tuliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Ukiipiga hedi ya zamani mbio ndefu kwa petroli ya leo bila siti ngumu, valvu zinazama taratibu mpaka compresheni inakimbia. Tapeli gani anahangaika na kitu ambacho mteja hakijui wala hajakiomba?

Injini ikafungwa. Siku ya kuiwasha fundi aliiacha ikae kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika 20 hivi, ili kemshafti mpya izoeane na tapeti zake. Akaweka tayming kwa taa, akapiga alama ya rangi nyeupe kwenye distribyuta. Akaandika kwenye karatasi: kilomita 800 za mwanzo usipite mizunguko 3,000, kisha urudi tumwage oili tuweke mpya.

Wanasema siku ya kukabidhi alimwambia, "Bosi, hii injini bado mbichi. Ipe muda, itakupa raha."

Jibu la staa, "Sawa mzee wangu, ila mashabiki wanasubiri mngurumo."

Na mngurumo wakaupata. Kesho yake mshkaji wake mmoja, wale wataalamu wa kuangalia video, akafunga bomba pana la moshi na chujio la wazi la hewa. Sauti ikawa ya kibabe kweli. Bado hawajaridhika, wakasogeza tayming mbele eti gari iwe nyepesi. Siku ya tatu wakaingia barabara ya Bagamoyo, kamera juu, mguu mpaka chini.

Kwa asiyejua, kosa liko hivi. Kabureta ya Mini, ile SU, ina sindano ndani inayopanda na kushuka, na umbo la sindano hiyo ndilo linaloamua petroli kiasi gani inapita. Ukifungua njia ya hewa na ya moshi, hewa inaingia nyingi, lakini sindano ni ile ile ya mwanzo, kwa hiyo petroli haitoshi. Mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda. Ongeza tayming iliyotangulia sana, injini inaanza kugonga ndani kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Mwenye sikio anaachia mguu pale pale. Lakini kwa lile bomba, nani angesikia?

Fundi aliifungua tena injini mbele ya meneja wa staa. Pistoni moja ina tundu katikati. Sindano haijaguswa. Ile alama nyeupe ya distribyuta imehama. Meneja alikuwepo pale, kaona, kapiga na picha. Hizo picha mbona hazijapostiwa?

Hasara yenyewe imeenda mbali kuliko pistoni. Kwenye Mini giaboksi iko chini ya injini na zinatumia oili moja. Chuma kikivunjika juu, unga wake unashuka mpaka kwenye gia na beringi. Kwa hiyo siyo kubadilisha pistoni tu, ni kushusha kila kitu na kuosha upya. Na katikati ya yote hayo, inasemekana robo ya hela ya kazi ya kwanza fundi bado hajaiona.

Haki itendeke pande zote lakini. Wanaosema mafundi wanapiga hawajaota. Wapo wanaobadilisha ringi tu kwenye silinda iliyolika, wanapaka rangi bloku, wanakwambia ovahoo imekamilika. Mtu aliyeumizwa hivyo ana haki ya kupiga kelele. Na fundi huyu naye kuna mahali aliteleza. Alimjua mteja wake ni mtu wa kamera, hakutakiwa kumpa funguo kwa kuaminiana tu. Ile karatasi angeiandika mbili, ziwekwe sahihi, hela iliyobaki ilipwe kabla gari haijatoka getini. Heshima ya kizamani ni nzuri, ila mjini sasa hivi asiye na maandishi hana mtetezi.

Hata hivyo makosa hayo hayalingani. Mmoja kasahau sahihi. Mwingine kachukua jina ambalo mtu kalijenga kwa miaka mingi kwa spana na mikono yenye grisi, akalichoma mbele ya maelfu ya watu ili asionekane yeye ndiye kaua gari. Staa akiharibikiwa leo kesho anatoa ngoma mpya, watu wanasahau. Fundi akipoteza jina hana ngoma ya kutoa. Ana vijana wanne pale wanaojifunza kazi, na kila gari inayoondoka ni chakula chao.

Cha kufanya kinajulikana. Posti ifutwe, picha za meneja zitoke, robo ya hela ilipwe. Baada ya hapo kama staa bado anaitaka nguvu, arudi kwa mtu yule yule, sindano ipimwe na bomba lake jipya, na safari hii kilomita 800 zitembee kweli, hata kama hakuna anayerekodi.

Wadau, mnasemaje? Fundi adai hela yake kimya kimya au naye afungue akaunti amwage kila kitu? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi weka pembeni.