Rubani Aliyenyimwa Jina

Waandishi wa historia ya manowari za deraya wana mazoea mabaya. Hupima unene wa chuma, huhesabu mizinga, humtaja kamanda, kisha hufunga kitabu. Mapambano ya Charleston katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani yanaonyesha hasara ya mazoea hayo.

Tarehe 7 Aprili 1863, Admirali Samuel Du Pont alipeleka manowari tisa za deraya kuishambulia bandari hiyo. Mojawapo, Keokuk, ilikuwa chini ya Kamanda Alexander Rhind. Ushujaa wa Rhind hauna shaka: aliisogeza meli yake karibu mno na Ngome ya Sumter, ikapigwa mara 90 hivi katika muda wa nusu saa, na kesho yake asubuhi ikazama. Lakini rubani wa Keokuk siku hiyo alikuwa Robert Smalls, na simulizi nyingi za pambano hilo humpitia kama kivuli.

Mwaka mmoja kabla yake, Smalls alikuwa mtumwa katika bandari hiyohiyo, akiiendesha meli ya Planter kwa faida ya jeshi la Kusini. Aliijua mikondo yake, mafungu yake na mahali palipotegwa mabomu. Hata hivyo mabwana zake hawakumwita rubani, kwani cheo hicho hakupewa mtumwa. Aliitwa mshika usukani tu. Kazi alitwikwa, jina akanyimwa. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862 aliitwaa Planter, akawapakia mkewe, wanawe na watumwa wenzake, akavaa kofia ya nahodha, akatoa ishara zilizotakiwa mbele ya ngome, kisha akaikabidhi meli kwa wanamaji wa Kaskazini.

Watetezi wa makamanda watajibu kwamba dhamana ilikuwa ya Rhind, na kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo ni ya kweli, ila hapa imewekwa pasipo pake. Rubani hagombei unahodha. Nahodha huamua chombo kiende wapi. Rubani hujua kipite wapi. Wazee wa majahazi walilitumia neno hilo kwa maana hiyo kabla halijahamia kwenye viwanja vya ndege, na hawakuona kwamba kumheshimu mmoja ni kumvunjia heshima mwingine.

Basi anayemwandika Smalls kwa Kiswahili kuwa "msaidizi" au "mshika usukani" anairudia hukumu ya mabwana wa Charleston, tena katika lugha ambayo haikuwahi kukosa neno la kumstahi. Rhind aandikwe kamanda wa Keokuk, na Smalls aandikwe rubani wake, katika sentensi moja.