Bunge lifute kifungu cha 26

Hakuna mwenye utu atakayemtetea mtu anayemwambukiza mwenzake virusi vya ukimwi kwa kukusudia. Aliyetendewa uovu huo anastahili ulinzi wa dola, na hasira ya umma juu ya jambo hilo ni ya haki. Hata hivyo, hasira ya haki inaweza kuzaa sheria mbaya, na wajibu wa Bunge ni kuichunguza sheria kwa matokeo yake, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 hakivuki kipimo hicho. Kinamwekea kifungo kisichopungua miaka 15, na hata cha maisha, mtu anayejua kwamba ana virusi kisha kwa makusudi akatenda jambo analojua, au anapaswa kujua, kwamba linaweza kumwambukiza mwingine. Msingi wa kosa, basi, ni kujua. Asiyepima hana la kuogopa. Aliyefika kliniki, akapokea majibu na kuanza dawa, ndiye ambaye faili lake laweza kugeuzwa ushahidi. Mzigo huo unawaelemea zaidi wanawake, ambao wengi hutangulia kujua hali zao kwa kuwa hupimwa wakiwa wajawazito, huku waume wao wakikaa bila kupima. Tena kifungu hakimtengi anayemeza dawa za ARV barabara hadi virusi vikawa havionekani kwa vipimo, ilhali sayansi imekwisha kuthibitisha kwamba mtu huyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 24 cha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi kwa sababu ya utata wa maneno yake. Desemba 2022 ilikataa kukibatilisha hiki cha 26. Uamuzi huo uheshimiwe, lakini sheria kutovunja Katiba hakuifanyi kuwa na busara, na kutafuta busara hiyo ni kazi waliyopewa wabunge. Zimbabwe ilifuta kosa la namna hii mwaka 2022, na hakuna sababu ya Kenya kusitasita.

Anayeambukiza kwa makusudi ashtakiwe chini ya Kanuni ya Adhabu, nia yake na madhara aliyosababisha vikithibitishwa bila shaka. Kabla ya kifungu hicho kufutwa, waendesha mashtaka wana wajibu wa kuzikataa kesi zilizojengwa juu ya chuki za ndoa na uvumi wa mtaani. Vyombo vya habari navyo, gazeti hili likiwemo, havina haki ya kumwanika mshukiwa na hali ya afya yake kabla ya hukumu, kwani unyanyapaa ni adhabu isiyo na rufaa.

Sheria inayomtia hofu mgonjwa asipime inaulinda ugonjwa. Bunge likifute kifungu hiki.