Mashine Haijui Ulianza Kuumwa Lini

Wengi wetu tunaamini kwamba ubora wa daktari wa moyo ni mashine zake. Mtu akishauriwa amwone bingwa, huulizia kwanza ni hospitali gani yenye vipimo vya kisasa. Akifika, hulala kitandani afungwe waya, kimya, akingoja kipimo kiseme. Imani hii inapotosha mara mbili: humfanya mgonjwa achague daktari kwa kigezo kisichotosha, kisha humpeleka kwake mikono mitupu.

Mwaka 1975 daktari Mwingereza John Hampton na wenzake walichapisha katika British Medical Journal utafiti wa wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya nje. Kwa wagonjwa 66, ugonjwa uliotajwa baada ya kusoma barua ya rufaa na kusikiliza maelezo ndio uliothibitika mwishoni. Kumkagua mgonjwa mwili kulisaidia kwa 7 tu, na vipimo vya maabara kwa 7 wengine. Utasema hayo ni ya zamani, siku hizi kuna ECHO, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kila mji mkubwa. Lakini mashine mpya nazo zina mipaka. ECG ya kawaida hunasa sekunde chache za umeme wa moyo. Mapigo yanayokwenda mbio mara mbili kwa mwezi yanaweza kuikwepa kabisa. ECHO huonyesha vali na nguvu ya msuli, ila haionyeshi mishipa inayoulisha moyo imeziba kiasi gani. Anayebanwa kifua akipanda ngazi na kupata nafuu akipumzika anaweza kupewa majibu safi ya vipimo vyote viwili. Maelezo yake ndiyo yatakayomjulisha daktari kwamba anahitaji kupimwa akiwa katika mazoezi, au kuvaa kifaa cha kurekodi mapigo kutwa kucha.

Ndiyo maana maandalizi ni sehemu ya uchunguzi wenyewe. Miguu iliyovimba yaweza kuwa dalili ya moyo kushindwa kazi, na yaweza kuletwa na amlodipini, kidonge cha presha kinachotumiwa na wengi. Kikohozi kikavu huweza kutokana na enalaprili, dawa nyingine ya presha. Diklofenaki inayonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya mgongo huweza kupandisha presha. Mafindofindo ya utotoni yaliyofuatiwa na maumivu ya viungo yanaweza kueleza vali iliyoharibika ukubwani. Huyajui majina ya dawa? Beba pakiti zenyewe, pamoja na dawa za mitishamba, majibu ya zamani, na karatasi moja yenye dalili, siku zilipoanza, kinachozichochea, na nani katika ukoo aliugua moyo au kufa ghafla.

Wapo watakaosema presha mara nyingi haina dalili, kwa hiyo mashine haiepukiki. Ni kweli, wala sisemi tuziache. Lakini hata presha, kipimo kimoja kliniki huweza kupandishwa na wasiwasi; vipimo vya wiki nzima nyumbani, vilivyoandikwa, huonyesha hali halisi zaidi. Wengine watasema foleni ni ndefu na daktari hana muda wa hadithi. Basi uchache wa dakika ndio sababu ya kufika na maelezo yaliyopangwa.

Kuhusu kuchagua, mabingwa wa moyo si wa aina moja. Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wapo wa watoto, wa watu wazima na wa upasuaji. Anza kwa kuuliza tatizo lako ni la nani. Hakikisha amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kisha mpime kwa maswali yake. Anayeandika orodha ya vipimo kabla ya kukuuliza ulianza kuumwa lini, tena asiitazame karatasi yako, hata awe na mashine gani, tafuta mwingine.