Nimemtazama Neria kwa Mara ya Pili

Wanaonifahamu wanaujua udhaifu wangu. Wengine jioni hushika sindano na uzi. Mimi, vyombo vikishaoshwa na watoto wakishalala, natafuta filamu. Mwezi huu nimetazama tatu, lakini iliyoninyima usingizi ni ya zamani.

Neria ilitengenezwa Zimbabwe na kutolewa mwaka 1993. Mwongozaji wake ni Godwin Mawuru, na hadithi ni ya mwandishi Tsitsi Dangarembga. Mara ya kwanza niliitazama kwenye mkanda wa video nikiwa msichana, na nilichobaki nacho ni muziki wa Oliver Mtukudzi, ambaye pia anaigiza humo kama kaka yake Neria. Safari hii nina mume, watoto na nyumba. Nikaona filamu nyingine kabisa.

Neria na mumewe Patrick wamejenga maisha yao Harare kwa jasho la wote wawili. Patrick anafariki kwa ajali. Kabla machozi hayajakauka, shemeji Phineas anaanza kuchukua: gari, kitabu cha benki, vyombo vya ndani, hatimaye nyumba yenyewe. Anadai mila na sheria ziko upande wake. Neria anavumilia. Ni pale Phineas anapowachukua watoto ndipo mama huyu anapoamua kutafuta haki yake mahakamani.

Nilichopenda ni kwamba filamu haiitupi mila yote. Mila ile ile aliyoitaja Phineas ilimwagiza amtunze mjane na watoto wa ndugu yake. Yeye aliisoma nusu tu. Nilimkumbuka yule ndugu wa karibu katika kitabu cha Ruthu, sura ya nne. Shamba alilitaka sana, lakini aliposikia kwamba Ruthu naye yumo, akarudi nyuma. Boazi akavikubali vyote viwili. Phineas alitaka shamba bila Ruthu, na akina Phineas tunao hata makanisani, wengine wanaimba kwaya.

Mama yangu mdogo alifiwa nikiwa darasa la sita. Matanga hayajaisha, mashemeji wakawa wanahesabu mabati. Aliondoka na watoto wawili, blanketi na sufuria moja. Hakuwahi kusema neno baya juu yao, na sisi tulimsifu kwa uvumilivu. Leo sina hakika kama tulifanya vema kumsifu badala ya kumsaidia.

Zimbabwe ilirekebisha sheria yake ya mirathi mwaka 1997, mjane akapewa nafasi bora zaidi katika mali ya mumewe. Hapa Tanzania, kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilisema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atunzwe na watoto wake. Kama wapo, na kama wana uwezo.

Nilimwita Baba Neema tutazame pamoja. Mwanzoni alicheka, akasema, "Huyu shemeji ana njaa!" Baadaye akanyamaza. Filamu ilipokwisha nikamwuliza kiwanja chetu kimeandikwa jina la nani.

"La kwangu. Lakini mama Neema, si unanijua?"

"Wewe nakujua. Hata Patrick alikuwa mtu mwema."

Hakujibu. Kwao, kuzungumzia wosia ni kukiita kifo mlangoni. Siku mbili tulisalimiana kama wapangaji. Nilijuta, nikaomba, nikajiambia ningemwacha atazame taarifa ya habari tu.

Filamu ya pili ni Supa Modo, ya Kenya, mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Binti mdogo, Jo, anaumwa ugonjwa usiopona, na mama yake anamtoa hospitali ili siku zake za mwisho awe nyumbani. Mama anataka mtoto apumzike kitandani. Dada yake, Mwix, anataka Jo aishi, basi kijiji kizima kinasaidia kumfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Nililia hadi kanga ikalowa. Sikubaliani na kumdanganya mtoto, lakini yule mama aliyekuwa anachelewesha kifo kwa kumfungia mtoto ndani nilimwelewa kuliko wote. Watazameni na watoto wakubwa, wadogo watauliza maswali mengi usiku.

Queen of Katwe, ya mwaka 2016, wengi mmeiona: Phiona Mutesi wa Kampala na mchezo wake wa sataranji. Nitaongeza neno moja tu, kwamba mimi humtazama zaidi mama yake, Nakku, anayechezwa na Lupita Nyong'o. Anaogopa binti yake aote ndoto zitakazovunjika. Hofu hiyo tunayo.

Siku ya tatu, Baba Neema alikuwa anavaa viatu vya kazini. Bila kunitazama akauliza kama mzee wa kanisa anaweza kuwa shahidi wa wosia. Nikamwambia mashahidi watapatikana, na kwamba RITA hupokea wosia na kuzitunza. Jioni tulikaa mezani na daftari la Neema la hesabu. Tumeandika ukurasa mmoja na nusu. Hati ya kiwanja bado hatujaiona. Anasema iko kwa kaka yake, na Jumamosi tunakwenda wote wawili kuichukua.