Juu ya Wasemao "Mwache Afe"

Tangu Kibirizi hata Ujiji, na kupita Ujiji mpaka vijiji vya wavuvi vilivyo kusini, liko neno moja lililo jepesi mno vinywani mwa watu. Mtoto wa mbwa akionekana amelala kando ya njia, anatapika na kutetemeka, na mtu akisimama kumtazama, wenziwe humwambia, "Mwache afe, huyo ni mbwa tu." Lau neno hilo lingesemwa na vijana wahuni peke yao, nisingechukua kalamu. Lakini husemwa na watu wazima, wenye kusoma na kuandika, wenye heshima kanisani. Nao hulisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufikiri, kana kwamba ni hekima. Mimi nasema si hekima. Ni uvivu uliovishwa kanzu ya hekima, na leo nataka kuuvua kanzu hiyo.

Kwanza tuulize, mtoto huyo wa mbwa amefikaje pale njiani? Mbwa hawaoti mchangani kama majani. Mbwa jike wa mtu amezaa nyuma ya nyumba, watoto watano au sita. Mwenye mji achagua madume wawili wa kulinda mbuzi na kuku, jirani aomba mmoja, wa kike hawana mwenyewe, kwa kuwa watu wasema, "Huyu atazaa tena atuletee ghasia." Basi jioni mtoto wa nyumbani hupewa kapu, akaambiwa, "Wapeleke mwaloni, huko kuna vichwa vya samaki, watajitafutia." Hawajaachishwa hata kunyonya. Na mwaloni, kila mtu ajua, dagaa huanikwa chini juani, na mwenye dagaa zake ana fimbo mkononi kwa kila mnyama azikanyagaye. Lakini yule aliyetoa kapu hasemi, "Nimeua." Asema, "Nimewapeleka mwaloni," akala ugali wake akalala.

Mwaka jana, wakati wa mvua, watoto wa darasa la sita walikuta kapu la namna hiyo chini ya mtumbwi uliopinduliwa. Watatu walikuwa wamekwisha kufa, wawili wakipumua, mmoja mweupe na mmoja wa rangi ya udongo. Walilishika kapu kwa mpini wake, wasiguse kilichomo, kwa maana hayo nilikuwa nimewafundisha, wakaniletea mimi. Mwalimu hudhaniwa kujua kila jambo. Siku ya tatu mweupe alikataa chakula. Jioni akatapika povu, na usiku akaanza kuhara damu, yenye harufu ambayo mtu akiisikia mara moja haisahau. Kulipopambazuka na mwenziwe alikuwa vivyo hivyo. Nilimwita bwana mifugo, naye alipowatazama akasema kwamba kwa dalili zile ni ugonjwa wa pavo.

Yafaa wasomaji waujue ugonjwa huu. Huletwa na kijidudu kidogo mno, kile wataalamu wakiitacho kirusi, nacho hula utando wa ndani wa matumbo, tena huharibu chembe nyeupe za damu zilizo askari wa mwili. Mnyama hukaukiwa maji, na uchafu wa matumbo huingia katika damu yake. Hakuna dawa ya kukiua kirusi chenyewe. Kazi yote ya mwuguzi ni kumshika mgonjwa asife mpaka mwili wake upate nguvu ya kupigana, na kwa kawaida shauri hukatwa katika siku tatu au nne. Wengi wasiotibiwa hufa. Waliotibiwa mapema kwa maji na dawa, walio wengi hupona. Wazee wetu hunena kwamba zamani mbwa hawakufa hivi, na katika hili wazee wasema kweli. Ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1978, na katika muda wa miaka miwili hivi ulikuwa umezunguka dunia. Kwa hiyo dawa za babu hazikutungwa kwa ajili yake.

Hata hivyo dawa za babu nililetewa zote. Mmoja alitaka nimimine mawese kooni mwa mnyama, mwingine maji ya tumbaku, mwingine tembe za maumivu za binadamu. Mafuta yakimiminwa kinywani mwa atapikaye huingia mapafuni, na hapo umemwongezea ugonjwa wa pili. Tumbaku ni sumu. Tembe zile nazo huweza kumwumiza mbwa ini na tumbo, hasa mtoto ambaye uzito wake haufiki kilo mbili. Maziwa ya ng'ombe humzidishia kuhara.

Tulilofanya sisi ni hili. Bwana mifugo aliwatia maji chini ya ngozi, akawapiga sindano ya kuzuia kutapika na ya kuzuia uchafu wa damu. Iliyobaki ilikuwa kazi yetu. Kila asubuhi tulichanganya maji safi yaliyochemshwa lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, na chumvi nusu kijiko. Maji hayo hayatolewi kwa bakuli. Hutolewa kijiko kimoja kwa pembeni ya mdomo, kisha mtu angoje robo saa, kisha kijiko kingine. Akitapika, apumzishwe nusu saa, halafu huanza tena. Usiku wanangu na mimi tulipokezana kwa zamu, taa ikiwa imepunguzwa. Wagonjwa walilazwa juu ya gunia karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa katika kitenge, kwa kuwa mtoto wa mbwa mgonjwa hupoa upesi. Chakula hakuna mpaka kutapika kukome. Kisha ni uji mwepesi wa mchele na samaki aliyechemshwa, ametolewa miiba, kidogo kama ncha ya kidole. Matambara tuliyachoma. Sakafu tuliiosha kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, maana sabuni peke yake haikiui kirusi hicho, nacho chaweza kukaa katika udongo miezi mingi, hata mwaka. Ndiyo sababu hatukuruhusu mbwa wa jirani kuja uani, wala mtoto wa mbwa mwingine kuletwa pale mwaka ule.

Usiku wa tatu yule mweupe alikufa. Yule wa rangi ya udongo siku ya tano alisimama, akayumba kama mlevi, akaenda mwenyewe penye maji.

Asubuhi ile ya kifo alinijia mzee mmoja ninayemheshimu sana. Aliposikia habari akatikisa kichwa akasema, "Mwalimu, tulikwambia. Umekesha siku tatu, na mbwa amekufa. Na sukari hiyo, si ya watoto wako?" Nikamjibu, "Mzee wangu, sukari yote haitatimia robo ya kilo." Akacheka, akasema, "Leo robo, kesho kilo. Chakula cha watoto hakitupiwi mbwa; kitabu chenyewe chasema."

Hapo ndipo ninapotaka wasomaji wasimame pamoja nami, kwa maana hoja hiyo ndiyo mama wa hoja zao zote. Wengi husoma ile habari ya mwanamke Mkanaani katika Injili ya Mathayo, sura ya 15. Wakifika penye chakula cha watoto na mbwa, hufunga kitabu. Wangesoma mstari mmoja mbele wangeona mwanamke yule alijibu nini juu ya makombo, na Bwana akamsifu. Na jirani zetu Waislamu wa Ujiji, ambao kwa sheria yao ya tohara hawapendi mbwa aingie nyumbani, wao pia wanayo hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi. Basi asije mtu kunitajia dini, ya upande wowote, kuwa ndiyo imwamuruyo kupita njia.

Tena nauliza: hao watetezi wa watoto, ni mtoto yupi waliyemtetea? Asemaye, "Msaidie mtoto maskini kabla ya mbwa," mara nyingi hana habari na yule mtoto maskini, wala na yule mbwa. Amemtaja mtoto ili apate kupita. Sifichi kwamba dawa za bwana mifugo zilinigharimu zaidi ya sukari, na mtu asiye na chakula nyumbani simlazimishi kununua sindano. Lakini kijiko cha maji hakina bei. Na binti yangu wa miaka 12, aliyekuwa akikoroga maji yale, mwezi uliofuata alipoona mtoto mchanga wa jirani anahara, ndiye aliyemwambia mama mtu anyonyeshe bila kuacha na kwenda zahanati mara moja akapewe maji ya chumvichumvi na zinki. Sisemi aliokoa maisha. Nasema alijua, ilhali wakubwa watatu waliokuwapo walikuwa wakibishana kama ni meno au ni kijicho.

Wengine huniambia kwamba huku kuwahurumia wanyama ni uzungu. Waende wakaulize wawindaji. Ng'ambo ya ziwa, katika misitu ya Kongo, watu huwafunga mbwa wao kengele za mti shingoni ili wasipotee mwituni; mtu aliyejichongea mbwa kengele hatamtupa akiumizwa na nguruwe. Lakini kwa kuwa wametaja Wazungu, nami nitawatajia mmoja wa karibu. Mwaka 1960 Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini ya Kigoma, kuwaangalia sokwe. Alifuatana na mama yake, Vanne, naye mama huyo alifungua pale ufukoni tiba ndogo ya wavuvi, akiwaosha vidonda kwa maji ya chumvi. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, polio, uliokuwa ukiwapata watu wa nchi hii, uliwaingia na sokwe. Ndipo Goodall na wenziwe wakatia chanjo ndani ya ndizi wakawapa. Sokwe mmoja waliyemwita McGregor alipooza miguu yote miwili. Walimpelekea chakula, wakamfukuzia nzi, na walipoona hapana njia tena wakamwua kwa risasi asizidi kuteseka. Huko ni kuhudumu hata mwisho. "Mwache afe" haimponyi mnyama wala haimpumzishi. Na ufuko ulioona sokwe wakiuguzwa ndio ulioona vidonda vya wavuvi vikioshwa. Huruma ya huku haikuila ya kule.

Iko hofu moja nisiyoicheka, nayo ni kichaa cha mbwa. Aiogopaye ana akili. Kichaa kikishaonyesha dalili, mtu au mbwa, karibu hapana apitaye. Na mtoto wa mbwa naye aweza kuwa nacho. Kwa hiyo mbwa asiyejulikana atokako asishikwe kwa mikono mitupu, na mwenye kudondosha mate, aliyelegea taya, asiyeweza kumeza, asiuguzwe na mtu yeyote: aitwe bwana mifugo. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo dakika 15, aende hospitali siku ile ile apigwe chanjo, asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Walakini hofu hiyo, ikifuatwa mpaka mwisho wake, yamhukumu mtoaji wa kapu. Wajuzi wameonyesha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kupita. Kisiwa cha Pemba, hapa hapa Tanzania, kilikimaliza kichaa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Mwaka 2016 kikaletwa tena. Watu wakachanja upya, na kufikia mwaka 2018 kikakoma. Sasa, mbwa aliyetupwa mwaloni atachanjwa na nani? Hana jina, hana mwenyewe, hana kamba. Akiishi, ndiye atakayezunguka shuleni jioni na kuwauma wana wa hao hao waliosema kwanza tuwatazame watoto.

Wako na wenzangu wa upande wa pili, wenye machozi ya karibu, nao siwaachi. Huyu amwokota mtoto wa mbwa Jumapili, ambusu, amlisha nyama na maziwa mpaka tumbo limpasuke, na Jumatano akiona damu sakafuni amrudisha ufukoni usiku. Au ampa nafuu kisha asimchanje, asimfunge, amwache azae nyuma ya nyumba, na kapu lingine lishuke mwaloni. Aliyeokota amejitwika kazi ya miaka, si ya siku mbili. Kama hawezi, na aseme mapema, atafutwe anayeweza.

Yule wa rangi ya udongo amekua. Mwaka huu bwana mifugo alipokuja kuchanja kichaa cha mbwa bila malipo, aliketi chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji tangu saa mbili asubuhi hata saa saba. Tulimpeleka kwa kamba, akachomwa sindano, tukapewa cheti. Chupa za dawa zilibaki zaidi ya nusu. Yule mzee aliyenihesabia sukari anao madume wawili, wakali, wanaosifiwa mtaa mzima. Siku ile walikuwa wamelala kivulini nyuma ya nyumba yake, hatua mia mbili kutoka mwembeni.