Akiba ya Askari na Mashua ya Ggaba

Juma hili tunayaacha kando mambo ya jiko na malezi, tuteremke hadi ufukweni. Sababu ni barua tuliyoipokea kutoka kwa mama mmoja, mke wa sajini ambaye amebakiwa na miezi michache tu kabla ya kustaafu. Ameandika hivi: “Baba watoto ameonyeshwa mashua huko Ggaba, pamoja na mashine na nyavu zake. Muuzaji anataka fedha zote kwa mkupuo, na anasema akija mwingine ataichukua. Fedha hizo ndizo akiba yetu ya miaka yote. Mimi sijui uvuvi, nami sitaki kumvunja moyo. Je, ni biashara hiyo, au ni shimo?”

Swali hili si la mama huyu peke yake. Askari wengi, wa jeshi na wa polisi, huweka akiba katika vyama vyao, kama vile Wazalendo na Exodus, na siku ya kuichukua ikifika hujitokeza watu wengi wenye vitu vya kuuza. Kwa hiyo tulifunga safari hadi Ggaba, tukaitazama mashua ile kwa macho yetu, tukazungumza na fundi mmoja mzee wa mashua na wavuvi kadhaa. Tuliyoyaona na kuyasikia tunayaeleza hapa.

Kwanza, tuyajue maji yenyewe. Ggaba iko kusini-mashariki mwa Kampala, katika ghuba ya Murchison, na soko lake liko jirani kabisa na gati. Ghuba hiyo ndiyo inayopokea maji machafu ya mji yanayoteremka kwa mfereji wa Nakivubo, na mara kwa mara gugumaji huizonga. Mvuvi anayemtaka sangara, ambaye wenyeji humwita mputa, hapana budi atoke ghubani aelekee maji mapana. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mnunuzi hulisahau. Mashua inayotulia vizuri mbele ya soko la Ggaba bado haijakuthibitishia kwamba itatulia nje ya ghuba, hasa usiku na alfajiri, nyakati ambazo tufani na radi hupenda kulivamia Ziwa Victoria.

Pili, tuijue sheria, maana hapa ndipo akiba nyingi zilipoteketea, na neno hilo tunalitumia kwa maana yake halisi. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu wa Uingereza, Michael Graham, alilichunguza ziwa hili baada ya ngege kuanza kupungua, akashauri kwamba nyavu za kutega zisiwe na jicho dogo kuliko inchi 5. Ushauri huo ulifuatwa kwa miaka kadhaa, kisha ukalegezwa katika miaka ya 1950, na ngege wa asili wakazidi kuadimika. Miaka hiyo hiyo ya 1950 sangara akaingizwa ziwani, na kufikia miaka ya 1980 akawa ndiye mfalme wa soko. Naye pia akaanza kuvuliwa akiwa mchanga. Mwaka 2017 serikali ililituma jeshi ziwani kukomesha uvuvi haramu. Mashua nyingi fupi na nyavu nyingi zenye macho madogo zilitiwa moto ufukweni, mbele ya wenyewe.

Vipimo vilivyosimamiwa ni hivi, na tunamwomba kila msomaji avikate na kuvihifadhi. Mashua ya uvuvi isipungue urefu wa futi 28, yaani mita 8 na nusu. Wavu wa ngege usiwe na jicho chini ya inchi 5, na wavu wa sangara usiwe chini ya inchi 7. Sangara asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ule unaong’aa kama kioo, zimekatazwa, na kadhalika kokoro linalovutwa hadi pwani. Kwa kuwa kanuni huweza kurekebishwa, mnunuzi na aende kwanza katika ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla ya kutoa hata shilingi moja. Fikirini aibu ya sajini mstaafu kuchomewa mashua na vijana aliowafundisha kwata yeye mwenyewe! Sheria haiulizi cheo.

Sasa turudi kwenye mashua ya yule mama. Tuliipima kwa futikamba kutoka ncha hadi ncha. Ilikuwa futi 22. Muuzaji alicheka, akasema, “Afande akiwa ndiye mwenyewe, nani atampima?” Jibu tumekwisha kulitoa. Lakini hata kama kusingekuwa na sheria, urefu wa mashua una kazi yake: mashua fupi hubeba nyavu chache, watu wachache na barafu kidogo, na katika mawimbi marefu ya ziwa huchota maji upesi.

Yule fundi mzee alituonyesha jinsi ya kuikagua mashua iliyokwisha kutumika. Alisema, “Mama, rangi mpya ni kama poda usoni. Usiitazame rangi, itafute mbao.” Kwanza ivutwe nchi kavu. Chukua kisu chembamba, uchome taratibu karibu na mkuku, kwenye maungio ya mbao, na mahali ambapo mataruma yamegusana na ubavu. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mbao imeoza. Tazama misumari: michirizi myeusi inayotiririka chini ya vichwa vyake huonyesha kwamba haikupakwa zinki na kutu inaila. Angalia kalafati, ile pamba iliyoshindiliwa katika nafasi za mbao; ikiwa imetoka vipande vipande, maji yatapita. Mwisho, mashua ishushwe majini ikae usiku kucha bila mtu kufua maji. Mbao iliyokauka huvuja kidogo mwanzoni, kisha huvimba na kujifunga. Ikiwa asubuhi ngama imejaa maji, ondoka zako kwa heshima.

Anayeunda mashua mpya naye ana mashaka yake. Mvule hudumu sana majini, lakini ni ghali na umeadimika. Kwa hiyo mafundi huchanganya mbao, ngumu chini na nyepesi juu. Hilo si kosa, mradi mnunuzi ameambiwa na bei imepungua kwa kadiri hiyo. Kosa ni mbao mbichi. Mbao isiyokaushwa ikisha kupigiliwa husinyaa juani, na nyufa hufunguka hata kabla deni halijalipwa. Nenda kuitazama kazi kabla rangi haijapakwa, na malipo yawe kwa mafungu: kazi ikisogea, fedha isogee.

Tuje kwenye mashine, ambayo aghalabu ndiyo hula fedha kuliko mashua. Muuzaji wetu alijivunia mashine ya nguvu-farasi 40. Kwa makadirio ya kawaida, mashine ya petroli ya aina hiyo ikikimbizwa kwa nguvu zote hunywa kiasi cha lita 15 kwa saa, ilhali ya nguvu-farasi 15 hunywa kiasi cha lita 6. Tufanye hesabu ya nyumbani. Safari ya kwenda na kurudi kwa mashine ndogo ichukue saa 4: hizo ni lita 24. Mashine kubwa ifanye saa 3: hizo ni lita 45. Tofauti ni lita 21 kwa usiku mmoja, na kwa siku 20 za kazi ni lita 420. Kila nyumba na izidishe hesabu hiyo kwa bei ya petroli ya siku hiyo, ndipo itakapoona samaki wangapi wamekufa kwa ajili ya mbio tu. Mashua nzito ya mbao huyasukuma maji, hairuki juu yake. Ukiiongezea nguvu maradufu, mwendo hauongezeki maradufu. Mashine kubwa inawafaa wabeba mizigo na wanaofika visiwa vya mbali. Kwa mvuvi anayeanza, mashine ndogo na makasia mawili ya akiba ni busara zaidi.

Ukinunua mashine iliyotumika, fanya mambo manne. Linganisha namba iliyo kwenye kibao chake na ile iliyo kwenye hati, kwa maana mashine za wizi ni nyingi ziwani, na askari akikutwa na mali ya wizi mashaka yake huwa mawili. Iwashe ikiwa baridi kabisa, usikubali kukuta imekwisha kupashwa moto. Ikiwa majini inanguruma, tazama kitundu cha kutolea maji ya kupozea: maji yatoke kwa nguvu. Kisha mwombe fundi atoe oili kidogo ya gia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani. Usisahau pia kwamba mashine nyingi za ziwani huchanganyiwa oili ndani ya petroli. Ikiwa kitabu chake kinataka sehemu 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka oili mililita 400. Anayebana oili kwa kuokoa shilingi, kesho hununua pistoni.

Nyavu nazo zina siri zake. Nenda dukani na rula. Livute jicho la wavu mpaka lifumbe, kisha pima ndani kutoka fundo hadi fundo. Usiridhike na karatasi iliyobandikwa. Zaidi ya hayo, bunda la wavu likiandikwa yadi 100, urefu huo ni wa wavu uliovutwa. Ukisha kuufunga kwenye kamba zake, pamoja na maboya juu na vizito chini, utapata karibu nusu tu, ili macho yafunguke kumpokea samaki. Wageni wengi hununua nusu ya nyavu wanazozihitaji kwa kutolijua hilo. Na kamba, maboya na mshahara wa mfungaji vimo katika gharama, havimo katika bei ya bunda. Nyavu za yule muuzaji tulizipima: jicho lilikuwa inchi 4. Zilikuwa kuni za moto, basi.

Wapo pia wasomaji ambao hawataki biashara, bali burudani ya siku ya mapumziko. Kwa hao fimbo ya kuvulia inatosha, lakini wasidanganyike na fimbo nyembamba za madukani zenye mapambo. Sangara ni samaki wa vita. Mkubwa kuliko wote aliyewahi kuandikwa kuvuliwa kwa fimbo alikuwa na kilo 104, naye alipatikana mwaka 2000 katika Ziwa Nasser huko Misri. Weka fedha yako kwenye kigurudumu cha uzi chenye breki nzuri, uzi imara na ndoana ngumu. Urembo wa mpini haumvuti samaki.

Limebaki jambo ambalo wauzaji hawalitaji kamwe. Tarehe 24 Novemba 1918 haikuwa siku ya vita kwetu, lakini tarehe 24 Novemba 2018 ilituachia msiba: boti ya starehe ilizama karibu na ufukwe wa Mutima, wilayani Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Kwa hiyo katika hesabu ya mashua, jaketi la kuokolea maisha kwa kila kichwa liandikwe juu kabisa, kabla ya mashine na kabla ya nyavu. Lijaribu kabla ya kulinunua: lifunge, ingia maji ya kifuani, uone kama linakuinua kidevu. Jaketi lililojazwa sponji hunywa maji likamsaidia anayelivaa kuzama.

Basi, mama, jibu letu ni hili. Mashua ile isinunuliwe, hata bei ikishuka kwa nusu. Baba watoto asivunjwe moyo. Nia yake ni njema, na sangara bado ana soko. Lakini na agawe akiba yake mafungu matatu. Fungu la kwanza libaki chamani, lisiguswe, kwa ajili ya ada za watoto na maradhi. Fungu la pili, akishirikiana na mwenzake mmoja mwaminifu kwa hati iliyotiwa sahihi, liunde mashua ya futi 28 yenye mashine ndogo, nyavu halali na majaketi. Fungu la tatu liwekwe kwa petroli, matengenezo na siku za upepo ambazo mashua hurudi tupu, kwani siku hizo zipo. Na kabla ya yote, miezi hii iliyobaki, siku zake za mapumziko na aende na wavuvi walio halali, akawe mwanafunzi. Atakayetoka huko akiwa bado anaipenda kazi hiyo, huyo ni mvuvi.

Na wewe mama, omba daftari. Kila jioni iandikwe petroli iliyotumika, kilo zilizouzwa na fedha iliyopatikana. Mashua huendeshwa na mwanamume aliye ziwani, lakini mara nyingi huokolewa na mwanamke mwenye kalamu nyumbani. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Nasi tunaongeza kwamba kibaba chenye tundu hakijai.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza namna ya kumkausha na kumhifadhi samaki nyumbani bila kumharibu.